Mbabula Ibaki Nje: Kumlinda Mtoto Mdogo Msimu wa Baridi Mutoshi

Mvua zikishakatika, watu wa Mutoshi wanajua kinachofuata. Vumbi jekundu linaamka barabarani, magari ya madini yanalitimua hadi ndani ya madirisha, na mwezi wa sita ukiingia, baridi ya usiku inapenya bati na matofali. Upande huu wa Kolwezi uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10, kisha jua la saa sita likalipandisha tena kupita 20. Huo ndio wakati kikohozi cha watoto kinasikika kila lupango, na wauza sirupu wanapita na chupa zao wakiahidi damu, nguvu na kinga.

Neno langu kwa mama na papa wa hapa ni hili: baridi yenyewe haimwangushi mtoto kama tunavyodhani. Kinachomwangusha zaidi ni mambo tunayoyafanya kwa sababu ya baridi. Tunaziba kila tundu la nyumba. Tunaingiza mbabula ya makala chumbani. Tunalala watu sita pamoja, mkubwa mwenye mafua akimpulizia mdogo usiku kucha. Tunaacha kunawa kwa sababu maji yanauma. Siku ya kilo, ya mizani na chanjo, inapita kwa sababu asubuhi ilikuwa ya baridi mno kumtoa mtoto. Haya yote yako mikononi mwetu, na mengi kati yake hayadai pesa.

Jambo moja liwatulize kwanza. Mtoto wa chini ya miaka 5 anaweza kushikwa na mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka na bado akawa mtoto mwenye afya. Mwili wake unakutana na virusi kwa mara ya kwanza na unajifunza kuvijua. Kwa hiyo usihesabu kamasi kuwa ni ushahidi kwamba kinga yake imekufa. Tunachotafuta ni kwamba mafua yabaki mafua, yasishuke kifuani yakawa nimonia.

Moto usio na moshi

Nianze na mbabula, maana inaua, na inaua katika nyumba za watu wanaowapenda watoto wao.

Tuitazame ilivyo. Mama amemaliza kupika bukari uani. Makala yamewaka vizuri, moshi umekwisha, yamebaki mekundu yenye majivu meupe juu. Chumbani watoto wanatetemeka. Anainua mbabula kwa vitambaa viwili, anaiweka katikati ya chumba, anafunga mlango, anaziba nafasi ya chini kwa nguo. Anaona amefanya vyema, kwa kuwa moshi haupo. Lakini makala mekundu yanatoa gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, na makala yanayofifia katika chumba kilichofungwa huitoa kwa wingi. Gesi hiyo inashika nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Mtu hasikii kukosa hewa. Anasikia kichwa kinauma, usingizi mzito unamchukua, na asubuhi haamki. Mtoto anapumua haraka kuliko mkubwa, hivyo inamfikia mapema.

Na hata pale ambapo hakuna aliyekufa, moshi wa makala na kuni ndani ya nyumba unachubua njia za pumzi za mtoto, vijidudu vikapata pa kuingilia. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa namna hii karibu unazidisha maradufu hatari ya mtoto kupata nimonia. Mtu anayenunua sirupu ya kinga huku mtoto analala na mbabula anapoteza pesa yake.

Basi pika nje au barazani, na mbabula ibaki huko. Kama ni lazima upashe chumba joto, washa, pasha, kisha itoe nje kabla mtu yeyote hajalala, na uache mlango wazi dakika chache hewa ibadilike. Kitanda cha mtoto kinaweza kupashwa kwa njia nyingine: jaza maji ya moto katika chupa ngumu yenye kifuniko kinachobana, isiyovuja wala kulegea kwa joto, izungushie kitambaa kizito, iweke chini ya blanketi nusu saa kabla ya kulala, halafu iondoe mtoto anapoingia, isije ikamwunguza. Ziba upepo unaopita chini ya mlango, lakini tundu la juu ya dirisha libaki wazi. Hewa inayopita juu haimdhuru mtoto aliyefunikwa vizuri.

Mvalishe nguo nyepesi kadhaa badala ya koti moja zito, pamoja na soksi na kofia asubuhi. Saa tano jua likishapanda, zianze kutoka moja moja. Nimeona watoto wamefungwa kwa sweta na blanketi la polisteri mgongoni mwa mama saa saba mchana, shingo zimelowa jasho; jioni baridi inarudi na nguo za ndani bado ni mbichi. Pitisha mkono shingoni kwake. Kama kuna jasho, amezidishiwa nguo.

Mtoto mchanga ni habari nyingine, maana bado hawezi kujitunzia joto. Asioshwe kabla ya saa 24 kupita tangu azaliwe. Avuliwe, awekwe kifua kwa kifua na mama, wafunikwe wote wawili, kofia kichwani. Papa naye anaweza kumbeba hivyo mama anapopumzika, na hakuna aibu yoyote ndani yake.

Ziwa, halafu sahani

Maziwa ya mama ndiyo kinga ya kwanza ambayo mtoto anapewa, na yale ya manjano ya siku za mwanzo ndiyo yenye nguvu zaidi. Yasikamuliwe yakatupwa. Mtoto anyonye ndani ya saa moja ya kuzaliwa, na kwa miezi 6 asipewe kitu kingine, hata maji, hata wakati wa vumbi ambapo kila mtu anasikia kiu. Maziwa yana maji ya kumtosha. Baada ya hapo aendelee kunyonya hadi miaka 2 au zaidi, huku anakula.

Swali linalorudi kila mwaka: mama akiwa na mafua, aache kunyonyesha? Hapana, anyonyeshe zaidi. Mwili wake unatengeneza kingamwili za ugonjwa huohuo alio nao, na zinapita ndani ya maziwa. Anawe mikono kwa sabuni, afunge kitambaa mdomoni na puani anapomshika, basi.

Kuanzia miezi 6 mambo yanahamia kwenye sahani, na hapa ndipo watoto wengi wa kwetu wanapoanza kudhoofika. Uji wa unga mtupu, mwepesi kama maji, unajaza tumbo na kuuacha mwili na njaa. Utazame uji wako kwenye kijiko: ukiinamisha kijiko ukamwagika wote mara moja, ni mwepesi mno. Unatakiwa ukae juu ya kijiko na kushuka polepole.

Namna ya kuutengeneza haina siri. Chukua vikombe 3 vya unga wa mahindi kwa kikombe 1 cha unga wa soya iliyokaangwa kwanza na kusagwa. Changanya na maji baridi, pika huku unakoroga, na uache uchemke vizuri, maana soya isiyoiva inasumbua tumbo. Kama huna soya, tumia karanga za kusaga, uzitie uji ukikaribia kuiva. Lakini karanga zichambue moja moja kabla ya kusaga: yenye kuvu, iliyosinyaa au yenye rangi ya ajabu, tupa, kwa sababu sumu ya kuvu haiondoki kwa kupikwa. Kapenta kavu nazo zioshe, zikaushe juani zikiwa zimefunikwa, zikaange bila mafuta, zitwange ziwe unga, uchekeche kuondoa miiba. Kijiko kimoja cha unga huo katika sahani ya mtoto ni nyama yake ya siku. Unakaa vizuri katika kopo lililofungwa.

Halafu mafuta ya ngazi. Rangi ile nyekundu ndiyo mali yenyewe, maana mwili unaigeuza kuwa vitamini A, inayotunza ngozi laini ya ndani ya pua, koo na mapafu, mahali hasa ambapo ugonjwa wa kipupwe unaingilia. Tatizo ni kwamba wapishi wetu wengi wanayaunguza mafuta hadi yageuke meupe kabla ya kutia kitu, na rangi ikiondoka, vitamini imeondoka nayo. Kwa chakula cha mtoto chota kijiko kimoja kidogo cha mafuta mekundu mabichi, safi, uyatie kwenye uji au kwenye lengalenga mwishoni, sufuria ikishateremshwa. Sombe, lengalenga na kalembula zinafanya kazi nzuri zaidi zikiwa na mafuta kidogo, kwa kuwa vitamini hii haiingii mwilini bila mafuta.

Yai lililoiva vizuri ni salama tangu miezi 6. Kama kaku wa mtoto anakataza mayai, kaeni naye mzungumze kwa heshima, mwende naye hata kwa muuguzi amweleze. Wazee wengi wanakubali wakielezwa bila kudharauliwa. Baridi pia ni msimu wa machungwa na mandarini. Moja kwa siku, lililomenywa, lina thamani kuliko jusi yoyote ya chupa, ambayo ni sukari na rangi.

Mtoto wa miezi 6 hadi 8 ale mara 2 au 3 kwa siku pamoja na kunyonya. Akipita hapo, mara 3 au 4, na kitu kidogo katikati. Awe na sahani yake. Katika sahani moja ya watoto watano, mwenye miaka 2 hashindani na mwenye miaka 8, na mama hawezi kujua amekula kiasi gani.

Kadi ya kilo

Hakuna chakula kinachochukua nafasi ya sindano. Katika nchi yetu mtoto anapata BCG na matone ya polio anapozaliwa. Halafu kwenye wiki ya 6, ya 10 na ya 14 anapata Penta na chanjo ya pneumokoki. Kwenye miezi 9, surua na homa ya manjano. Ndani ya Penta kuna kinga ya kifaduro na ya kijidudu cha Hib, na pneumokoki nayo ni msababishi mkubwa wa nimonia ya watoto. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya ulinzi wa kifua cha mtoto inatolewa kabla hajafikisha miezi 4. Chanjo hizi za kawaida hazilipiwi.

Surua, au rujeole kama wengi tunavyoiita, inastahili maneno zaidi. Mwaka 2019 Congo ilipata mlipuko wa surua uliokuwa mkubwa kuliko mwingine wowote duniani wakati ule. Walioshukiwa kuugua walipita 300,000, na mwanzoni mwa 2020 vifo vilikuwa vimeshapita 6,000, wengi wao watoto wa chini ya miaka 5. Na hata mtoto anayepona anabaki na hasara asiyoiona mtu. Watafiti waliopima damu za watoto wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, kabla na baada ya kuugua, walikuta surua imefuta kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Matokeo hayo yalitolewa mwaka huohuo wa 2019. Yaani mengi ambayo mwili wa mtoto ulikuwa umejifunza kwa miaka, surua inayasahaulisha kwa wiki chache. Mtu anayesema surua ni ugonjwa wa kila mtoto, acha aupitie tu, hajui anachokisema.

Mafua madogo au homa ndogo si sababu ya kukosa chanjo. Mpeleke, muuguzi ataamua. Na kama ulikosa tarehe, usione haya kurudi: sindano iliyochelewa bado inafaa, na kazi huendelea pale ilipoachwa. Siku hiyohiyo ya kilo omba mkono wa mtoto upimwe kwa utepe. Kuanzia miezi 6, chini ya milimita 115, kwenye rangi nyekundu, ni utapiamlo mkali unaodai matibabu mara moja, hata kama mtoto anacheka.

Kila miezi 6, tangu afikishe miezi 6 hadi karibu na miaka 5, mtoto anatakiwa kupata tone la vitamini A: kidonge cha buluu kabla ya mwaka mmoja, chekundu baada ya hapo, na dawa ya minyoo kuanzia mwaka mmoja. Wakati mwingine reko, wajumbe wa afya wa mtaa, ndio wanaoleta nyumba kwa nyumba. Wafungulieni, na waonyesheni kadi.

Vumbi linalorudi na baba

Mutoshi si kijiji cha kawaida, na ushauri wa watoto uliotungwa kwa ajili ya mahali pengine hautoshi hapa. Pale palipoitwa Ruwe zamani, madini yamechimbwa tangu mwanzo wa karne ya 20. Kati ya 2018 na 2020, mradi wa kampuni za Chemaf na Trafigura pamoja na ushirika wa wachimbaji wa COMIAKOL uliweka uzio, na mtoto wala mjamzito hakuruhusiwa kuingia. Kanuni ile ilikuwa sahihi kabisa. Lakini vumbi halizuiwi na uzio. Linatoka likiwa juu ya shati, ndani ya nywele na katika mikunjo ya suruali ya krezeri, mchimbaji wa mkono, anayerudi kwake.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha kazi waliyoifanya Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti katikati ya nyumba zao. Walipima mkojo na damu za wakaaji na kuzilinganisha na za watu wa eneo lisilo na machimbo. Wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi zaidi, na tofauti kubwa kuliko zote ilikuwa kwa watoto, ambao pia walionyesha dalili za DNA iliyoathirika. Sababu ya watoto kutangulia ni rahisi kuiona: wanatambaa, wanacheza chini, na kila dakika mkono unaenda mdomoni.

Ndiyo maana ningependa kila nyumba ya mchimbaji iwe na desturi moja ya mlangoni. Papa akifika, asimnyanyue mtoto kwanza, ingawa mtoto anamkimbilia mikono juu. Avue viatu na nguo za kazi nje, nyuma ya nyumba, azitie katika mfuko au beseni lake peke yake. Anawe mikono, uso na nywele. Avae nguo safi. Ndipo ambebe. Dakika 10 zinatosha, na mtoto akizoea atasubiri. Nguo hizo zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nepi wala shuka za mtoto, na zisikung'utwe hewani karibu na wanaokula.

Mifuko ya mawe ya madini isilazwe ndani ya nyumba, hata usiku mmoja, hata kama unaogopa wezi. Tafuteni njia nyingine ya kuilinda. Madini yasisagwe wala kuoshwa uani watoto wanapochezea, wala kwa beseni la jikoni.

Ndani ya nyumba, msimu huu ufagio mkavu ni adui, maana unainua vumbi na kulirudisha kwenye pua. Nyunyiza maji kwanza, au panguza sakafu kwa kitambaa kibichi, na uani nyunyiza kabla ya kufagia. Mtoto acheze juu ya mkeka unaoweza kupanguzwa. Kucha zake ziwe fupi. Anawe kwa sabuni kabla ya kila chakula, na maji ya uvuguvugu yatamfanya asikimbie. Mboga za majani zinazouzwa kando ya barabara ya magari zioshe mara mbili au tatu, usiziamini kwa macho.

Kuhusu maji ya kunywa kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Kuchemsha kunaua vijidudu, na ni lazima, lakini hakuondoi madini. Maji ya shimo la mgodi, ya bwawa la kuoshea madini au ya mto unaopokea uchafu wa kiwanda, ukiyachemsha yanabaki na madini yaleyale, na yakipungua sufuriani madini yanakolea. Hayo yasiguse mdomo wa mtoto. Teka mbali na machimbo, kwenye kisima au bomba linalotumika kwa kunywa, ndipo uchemshe.

Na mbu hawaondoki mvua zikikatika. Mashimo yenye maji yanawatunza, kwa hiyo chandarua kibaki kitandani mwaka mzima, na kila homa ya mtoto ipimwe malaria badala ya kukisiwa kuwa ni baridi.

Na chini ya chandarua hicho kuna dawa tunayoisahau kwa kuwa haiuzwi: usingizi. Mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji saa 11 hadi 14 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Wa miaka 3 hadi 4, saa 10 hadi 13. Redio na simu zizimwe mapema.

Kikohozi kikishaingia

Mafua ya kawaida yanaondoka yenyewe. Kazi yako ni kumsaidia mtoto apumue, anywe na ale. Pua iliyoziba inamzuia kunyonya, basi mdondoshee matone machache ya maji ya chumvi ya duka la dawa, subiri kidogo, upanguze kamasi kwa kitambaa safi kabla ya kumpa ziwa. Mpe chakula kidogo mara nyingi, na akipona mwongezee sahani moja kwa siku kwa wiki mbili arudishe uzito. Aliyepita mwaka mmoja anaweza kulamba kijiko kidogo cha asali kwa ajili ya kikohozi. Chini ya mwaka mmoja, asali ni marufuku, hata ya msituni iliyo safi, kwa sababu inaweza kubeba kijidudu kinacholegeza misuli ya mtoto mchanga.

Mafuta yoyote yasitiwe puani, maana yanateremka hadi mapafuni na kuleta nimonia ya namna yake. Dawa za kupaka zenye mentoli si za watoto wa chini ya miaka 2. Mtoto asiinamishwe juu ya beseni la maji yanayochemka. Wengi wameungua hivyo. Kumpiga bomba la mitishamba kwa sababu ya kikohozi kunamwondolea maji mwilini wakati anayahitaji.

Na vidonge vya amoksisilini vinavyouzwa kimoja kimoja sokoni, viache. Haviui virusi vya mafua, hata kamasi ikiwa ya kijani. Vikitumika ovyo, siku nimonia ya kweli itakapofika vinaweza kushindwa kufanya kazi. Muuguzi akimwandikia mtoto dawa hiyo kwa sababu ameikuta nimonia, hapo mpe yote, siku zote ulizoambiwa, hata akichangamka siku ya pili.

Utajuaje kwamba si mafua tena? Kwa kuhesabu pumzi, na kila mzazi anaweza. Subiri mtoto atulie, asiwe analia wala ananyonya. Akilala ni vizuri zaidi. Pandisha shati, uone kifua na tumbo. Weka simu yako ihesabu dakika moja nzima, si nusu, na uhesabu kila tumbo linapopanda. Mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni hatari. Miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Kisha tazama chini ya mbavu: anapovuta hewa, je, sehemu ile inazama ndani? Ikizama, au hesabu ikipita, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kuna dalili ambazo hazingoji kuche: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, ameshikwa na degedege, amelegea na haamki vizuri, anakoroma au kutoa sauti ngumu anapovuta pumzi akiwa ametulia, midomo imekuwa ya buluu. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa, au mwenye mwili baridi usiopata joto, naye ni wa kukimbizwa. Wote hawa wanapelekwa usiku huohuo, kwenye kituo cha karibu au moja kwa moja Hospitali ya Mwangeji mjini Kolwezi.

Usiku ndipo pesa ya pikipiki inapokosekana. Mama wenye likelemba mtaani, wekeni sehemu ndogo pembeni kwa miezi hii ya baridi, kwa ajili ya mtoto yeyote wa kundi atakayezidiwa. Kubalianeni mapema ni dereva gani anapokea simu saa nane za usiku, na namba yake iandikwe nyuma ya mlango wa kila mmoja.

Leo jioni, kabla ya kulala, toa kadi ya mtoto ulikoiweka, isome mstari kwa mstari. Ukiona tarehe iliyopita bila alama ya sindano, mfunge mgongoni, mvalishe kofia, umpeleke siku ya kilo inayofuata, hata kama asubuhi hiyo kuna baridi.